Mjane wa Mchora Migongo

Hospitalini walimwita Mama Shuka, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa chumba cha kufulia: mashine kubwa tatu, moja mbovu tangu enzi, pasi ya kuviringisha inayotoa mvuke kama treni, na mikokoteni ya shuka zinazoshuka kutoka wodini zikiwa na kila doa ambalo mwili wa binadamu unaweza kulitoa. Si kazi ya mwenye kinyaa wala mwenye haraka. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imechujuka kwa dawa, na wenzake walimjua kwa jambo moja: mdomo wake haukuwa na breki. Neno likishamfika kooni, linatoka, awe mbele yake mfagizi au daktari mkuu.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Kinyozi akifungua duka, fundi wa viatu akihamia kibanda kipya, yeye ndiye aliyeitwa kuandika jina ukutani. Hata pale hospitalini, "Usiteme Mate Hapa" na mishale ya kuelekea maabara ilikuwa kazi ya mkono wake, na huko ndiko walikojuana, yeye juu ya ngazi, binti wa kufulia chini akimgombeza kwa kudondoshea rangi shuka zake safi.

Lakini kazi ya moyoni mwake ilikuwa nyingine. Siku za mapumziko alichora watu, juu ya vipande vya mbao alivyookota kwa maseremala, na wote aliwachora kwa nyuma. Mwanamke kwenye foleni ya dawa. Mzee anayevua koti. Mtoto aliyesinzia begani kwa mamake. Uso haukuonekana hata mara moja. Mtaa ukambandika jina la Mgongo. Wapo waliosema ana wazimu wa chini kwa chini. Wapo waliosema aliwahi kumwona maiti akifumbua macho, ndiyo maana anaogopa nyuso. Yeye hakumjibu mtu. Mkewe alimuuliza mara moja tu, ndoa ikiwa bado mbichi, naye akajibu huku akisuuza brashi:

"Uso unajua unatazamwa, mke wangu. Mgongo haujui."

Akaishia hapo. Picha hakuziuza. Aliyeipenda alipewa, zilizobaki zikasukumwa chini ya kitanda na juu ya kabati, mpaka Mama Shuka akawa analalamika kwamba nyumba imejaa watu wasiotaka kumwangalia.

Binti yao alikuwa bado hajaanza shule Mgongo alipokufa. Alikuwa akiandika jina juu ya jengo jipya la mkandarasi mmoja aliyekuwa na mikono mirefu pale mjini, amesimama kwenye jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, usawa wa ghorofa ya tatu. Mama Shuka alikuwa amempelekea chakula cha mchana. Alisimama ng'ambo ya barabara na bakuli lake, akisubiri mumewe ageuke amwone. Aliiona kamba ya pembeni ikikatika. Aliliona jukwaa likiinama kama sinia mkononi mwa mtu aliyejikwaa, na mumewe akijaribu kushika mti, kisha akawa hana cha kushika. Alimfikia kabla ya mafundi. Kamba ilikuwa imelala pale pale kando yake, imelika, imeungwaungwa mafundo. Aliporudi jioni kutafuta kiatu kilichokosekana, jukwaa lilikuwa limesimama tena na kamba ilikuwa mpya.

Mkandarasi alisema fundi alikuwa amelewa. Mtu ambaye hakupitisha kooni kitu kikali kuliko chai ya tangawizi! Uongo huo haukwenda mbali. Waliomjua waliucheka hadharani. Ndipo ukazuka wa pili, na huo ulikuwa mtamu zaidi: kwamba alijirusha. Mtu anayechora migongo tu, walisema, ameshaupa ulimwengu mgongo siku nyingi. Ukaingia midomoni mwa watu ukakaa. Mama Shuka alikwenda polisi, akaandikwa, akaambiwa ataitwa. Akamweleza kila aliyekuwa tayari kusikia, na baadaye hata wasiokuwa tayari, mpaka ikawa watu wakimwona anakuja wanakumbuka shughuli zao. Miaka ikapita, akaacha kusema. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo akatokea mwongozaji wa filamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, aliyeiona moja ya mbao za Mgongo ukutani kwa daktari mstaafu akashindwa kulala. Alikuja na mpiga picha, na kijana mmoja mnene wa kurekodi sauti ambaye alizunguka na vipokea sauti masikioni kama mtu anayeogopa baridi. Walizitoa picha zote uvunguni, wakazipangusa vumbi, wakazisimamisha ukutani moja baada ya moja. Mama Shuka alimpenda yule mwanamke. Aliuliza vizuri na alijua kunyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, mtu alikaa kwenye kiti chake akamwacha aseme mpaka mwisho.

Kwa hiyo alichokiona walipomletea rasimu ya filamu kilimchoma zaidi. Walikaa sebuleni, yeye, mwongozaji na binti yake, mbele ya kompyuta ndogo. Ilikuwa nzuri, hilo hakulikataa. Migongo ilipita polepole, muziki ukilia kwa mbali. Mjane akaonekana akikunja shuka. Kisha ikaja sauti ya msimuliaji: aliishi kama fumbo na akafa kama fumbo; wengine husema ulevi, wengine husema alichoka na dunia, na mkewe anaamini ilikuwa ajali. Jinsi alivyokufa, hakuna ajuaye.

"Mimi najua," Mama Shuka alisema.

Mwongozaji aliisimamisha filamu. Akaeleza kwa upole kwamba anamwamini, lakini imani yake haitoshi. Mkandarasi ana wanasheria. Kituo cha televisheni hakitarusha tuhuma ya mtu mmoja, tena mjane. Na pia, alisema akichagua maneno, fumbo lenyewe ndilo litakalowafanya watu waziangalie zile picha.

"Ukisema hakuna ajuaye, mimi niliyekuwepo ni nani? Ni kabati?" Mama Shuka hakupaza sauti, lakini binti yake alimjua, akamshika goti. "Mume wangu hakuwa fumbo. Alikuwa anakoroma. Alikuwa anaogopa mende. Kama mnataka fumbo, muulizeni aliyeificha ile kamba."

Mwongozaji akasema kama yupo mtu mwingine hata mmoja aliyekuwepo pale jengoni siku ile, na akakubali kusema, filamu ataivunja aijenge upya. Mtu huyo alikuwepo. Nyapara wa jengo lile bado alikuwa hai, bado alikuwa anamfanyia kazi mkandarasi yule yule.

Habari ikavuja kabla hawajampata. Wiki hiyo hiyo shemeji yake alikuja. Alikuwa mdogo wake Mgongo, dereva wa lori la mchanga kwa mkandarasi, mtu wa mzaha ambaye kwa kawaida alianza kuita "shemeji, chai iko wapi" akiwa bado barabarani. Siku hiyo aligonga mlango wake kama mgeni. Aliambiwa akae, hakukaa.

Alisema ametumwa na mkandarasi, ambaye wafanyakazi wake walimwita mzee. Mzee amesikia kuna watu wanafukua makaburi. Mzee hana ubaya na mtu, anaomba tu marehemu aachwe apumzike. Akatazama funguo za lori mkononi mwake, kisha akamalizia: mzee anasema anajua binti anafanya kazi duka gani.

Kikombe kilitulia mkononi mwa Mama Shuka. "Na wewe ukakubali kuyabeba maneno hayo mpaka hapa? Kuhusu mtoto wa kaka yako?"

"Nina watoto wanne, shemeji," alisema. Akaondoka bila kuaga, na lori lake likasikika likihangaika na gia mpaka mwisho wa mtaa.

Mama Shuka aliketi hadi chai ikaota utando. Yeye mwenyewe hakuogopa. Mkandarasi angemfanya nini, amfukuze kwenye madoa? Lakini mtoto ni kitu kingine. Binti aliporudi kutoka duka la vifaa vya shule alikokuwa muuzaji, alimweleza yote bila kupunguza, akamwambia kwamba akisema basi, itakuwa basi. Binti alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena. Uso ulikuwa umempauka.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi baba namkumbuka akiwa ananipakia nyuma ya baiskeli. Sina kitu kingine. Kama kuna mtu anajua zaidi, nataka aseme."

Nyapara alikubali kuhojiwa, na walipomuuliza kama anaweza kuja kwenye jengo lenyewe hakukataa. Pengine mkandarasi ndiye aliyemruhusu, akijua atakachosema. Walimweka katika chumba kitupu cha ghorofa ya tatu, dirisha likitazama barabara. Mama Shuka alikuwa ametangulia. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya kamera, mikono mapajani.

Nyapara, ambaye sasa alikuwa mzee, alipoingia akamwona, mguu ulikwama mlangoni. Ungedhani atageuka. Kisha akaingia, akaketi, akakazia macho kamera. Alisema alivyosema siku zote: fundi alifika akinuka pombe, alionywa, hakusikia. Maneno yalitoka yamenyooka kama aya ya darasani. Mwongozaji akauliza jukwaa lilifungwa na nani. Mafundi, alijibu. Lilikaguliwa? Lilikaguliwa. Kamba ilikuwa nzima? Hapo viganja vyake vikaanza kusugua magoti, mbele nyuma, mbele nyuma, na ndani ya chumba kile ikawa ndiyo sauti pekee. Mama Shuka mdomo wake usio na breki siku hiyo aliufunga kwa meno.

"Zima hiyo," nyapara alisema.

Mpiga picha akazima kamera, akainua mikono kumwonyesha.

Mzee aliinama akaongea na sakafu. Asubuhi ile Mgongo alimwita akamwonyesha kamba. Akasema hii imechoka, sipandi. Nyapara akaenda kwa mkandarasi, akaambiwa jengo linafunguliwa kesho, wageni wamealikwa, jina liwe juu kabla ya jua kuzama. Akarudi akamwambia Mgongo apande, amalize herufi zilizobaki, kisha watabadilisha. Baadaye ile kamba aliikatakata yeye mwenyewe na kuichoma pamoja na takataka.

"Nilimwambia apande," alisema. "Akanitazama, akapanda."

Aliinuka, akapita mbele ya Mama Shuka bila kumtazama, hatua zake zikashuka ngazi hadi zikapotea.

Mama Shuka ndiye aliyekiona kwanza. Kwenye kisanduku kilichoning'inia kifuani mwa yule kijana wa sauti, kitaa chekundu kilikuwa kinawaka. Kijana naye aliona kwamba ameonwa. Akatoa vipokea sauti masikioni taratibu.

"Imo yote," alisema, nusu akijitetea, nusu akijivuna.

Mwongozaji alijishika mdomo. Akasema hawakuwa na haki; akasema pia kwamba hiyo ndiyo filamu. Akamgeukia mjane. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo moyo wa Mama Shuka ulipopigana na nafsi yake. Kile alichokililia miaka yote kilikuwa mle ndani ya kisanduku, kinatosha kubebwa kwa mkono mmoja. Alitaka kipigwe barabarani kwa spika wakati ule ule. Aliinuka, akaenda dirishani, akatazama mahali alipokuwa amesimama na bakuli lake.

"Hapana," alisema. "Neno la kuibiwa litakanwa kesho asubuhi. Watasema tumemtega, na yeye atawaunga mkono. Nataka aseme akijua anasema."

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda nyumbani kwa nyapara. Mke wa nyapara alimzuia mlangoni, mkono huku na mkono huku, akimwambia wametosheka na balaa zake. Ndani mzee alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa matumbo, hakuinua kichwa. Mama Shuka alimwomba, na kuomba hakukuwa kipaji chake. Mzee akatikisa kichwa. Mkewe akazidi kupandisha sauti: wanataka nini, wafe njaa? Hata mwanawe anakula kwa mkandarasi yule yule, amepata kibarua juzi juzi.

Mama Shuka aliyekuwa ameshageuka akasimama.

"Anapanda juu?"

Bisibisi ilisimama juu ya redio.

"Basi mkamuulize anapanda kwa kamba gani," alisema, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mtu asiyemjua aliingia duka la binti, akazunguka rafu zote, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akatoka bila kununua hata kalamu. Mwenye duka akaona, akamhamishia binti stoo ya nyuma, akisema ni kwa usalama wake. Huenda alimaanisha usalama wa duka. Mwongozaji alipiga simu kila mara, kwanza akiuliza, baadaye akiaga kwa lugha ya mafumbo: kituo hakiwezi kusubiri milele. Mama Shuka akawa anaviringisha shuka kwa nguvu hadi msimamizi wake akamkumbusha kwamba ile ni pasi, si adui. Kila gari likisimama nje ya nyumba alijikuta naye amesimama.

Nyapara alikuja hospitalini, chumba cha kufulia chenyewe, saa ya kazi, katikati ya mvuke na kelele za mashine. Alikuwa amevaa shati safi. Ilimbidi Mama Shuka amsogelee ili asikie.

"Nimekwenda pale anapofanyia kazi mwanangu," mzee alisema. "Nimeishika kamba kwa mkono wangu mwenyewe." Alinyoosha kiganja, kana kwamba bado kulikuwa na kitu ndani yake. "Mwite yule mama na kamera yake. Aje leo, kabla sijarudi kuwa mwoga."

Filamu ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa shule ya sekondari, kabla ya kwenda kwenye televisheni. Watu walijaa hadi madirishani. Mwanasheria wa mkandarasi aliketi mstari wa pili, miguu amekunja, akiandika. Mama Shuka na binti yake waliketi ukingoni, karibu na mlango, maana binti alisema ni vizuri kuwa karibu na mlango.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mwongozaji hakumwambia mapema. Alikuwa amezunguka kwa watu akiomba kanda za zamani za harusi, na katika moja alimpata. Mtu anabeba viti kupita nyuma ya maharusi, mpiga video anamfuata, naye anageuka. Ni Mgongo. Anacheka, anasema kitu kisichosikika, anainua kiti kujikinga, anapotea. Mama Shuka hakujua kwamba mumewe amebaki mahali popote duniani akiwa anatembea. Kwa sauti iliyomtoka, watu wa mistari mitatu waligeuka.

Kisha akaja nyapara, uso mzima kwenye kitambaa cheupe, akasema yote, bila kusugua magoti. Mwanasheria aliacha kuandika, akafunga kalamu, akatoka nje na simu.

Mtu akidhani haki ilishuka kama mvua atakuwa hajui dunia. Polisi walichukua maelezo, na jalada likalala kama majalada yanavyolala. Mkandarasi alitishia kushtaki, hakushtaki. Nyapara alifukuzwa kazi siku iliyofuata. Sasa anatengeneza redio nyumbani, na mkewe hadi leo hamwamkii Mama Shuka. Lakini kijana wao alishuka kwenye jukwaa, anajifunza uchomeleaji. Na kwa kuwa wateja walianza kuuliza maswali kabla ya kutia saini, majengo mapya ya mkandarasi yakaanza kuzungushiwa mabomba ya chuma badala ya miti. Hospitali iliomba picha kadhaa za Mgongo, ikazitundika kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje. Wagonjwa wanaokaa kwenye foleni wanazitazama, na baadhi huapa kwamba wanamjua yule aliyechorwa. Binti alirudishwa kaunta.

Shemeji hakuonekana miezi mingi. Siku aliyokuja alisimama kizingitini, kofia mkononi. Alisema haombi chochote. Aliisikia filamu kwa watu lakini hakuthubutu kwenda, wala kuwasha televisheni mbele ya watoto wake. Aliuliza kama ni kweli kaka yake anaonekana.

Mama Shuka alimtazama kwa muda, na yapo mengi aliyoweza kusema, nayo yalikuwa yameshapanda hadi kooni. Akaingia ndani akaleta simu ya binti, akaitafuta sehemu ile, akampa. Shemeji aliitazama akiwa amesimama pale pale. Mgongo akageuka, akacheka, akasema neno lake, akapotea. Akaomba irudiwe.

Mama Shuka alimwambia neno lile hakuna aliyelijua, hata kijana wa sauti ameshindwa kulitoa. Shemeji aliisogeza simu karibu na macho, akarudia mara ya tatu, midomo yake ikiigiza ile ya kaka yake.

"Anasema 'toa ujinga wako hapa,'" alisema polepole. "Alivyokuwa akiniambia mimi. Nikimghasi."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya chenye machozi, wasitazamane. Kisha Mama Shuka akamvutia kiti, akamwambia akae, na safari hii akakaa.